Malkia wa Sisimizi na Godoro la Pamba

Malkia wangu wa kwanza alikuwa wa kukaangwa. Nilimkamata Butiama, nyumbani kwa bibi, mvua ya kwanza ya vuli ilipokatika, nikamtia kwenye kiberiti kitupu na kumlinda siku mbili mpaka Musoma. Jumatatu nikampeleka shuleni, mezani kwa mwalimu wa bayolojia. Mwalimu alifungua kiberiti, akachungulia, akakifunga polepole.

"Huyu ni kumbikumbi," akasema. "Bibi yako angemtia chumvi."

Darasa zima likacheka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu tangu utotoni, na siku ile nilimchukia yule mwalimu vipindi viwili vizima. Lakini ndiye aliyekuwa ametutuma. Alikuwa amesema kwamba atakayemletea malkia wa sisimizi, malkia wa kweli, atafundishwa namna ya kumfuga, na mimi peke yangu ndiye niliyelichukulia jambo hilo kama agizo. Nilikuwa kidato cha kwanza, nina miaka kumi na minne, na nilikuwa tayari kufanya lolote ili mtu mzima aniambie nimepatia.

Wakati wa mapumziko aliniita. Alikuwa mtu mrefu, mzaliwa wa upande wa Butiama, mwenye suruali mbili ambazo zote tulizijua. Akanichorea ubaoni. Kumbikumbi ni wa mchwa, akasema, wala si ndugu wa sisimizi. Kiuno chake kinene, mabawa yake manne yanalingana, na papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, zimenyooka. Sisimizi kiuno chake ni cha kukatika, mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, papasi zimejikunja kama kiwiko.

"Na usinichukulie mwenye mabawa," akasema. "Nitafutie aliyekwisha kuyakata mwenyewe, anayetembea chini peke yake kama anayetafuta chumba cha kupanga."

Nikamletea dume, likafa siku ya tatu. Nikamletea mwingine mwenye kichwa kikubwa, nikiwa na uhakika kabisa, naye akawa askari tu. Malkia humtambui kwa kichwa, alinifundisha, unamtambua kwa kifua. Kifua chake kimejaa kwa sababu kiliwahi kubeba mabawa, na ukitazama vizuri utaona makovu pale yalipong'oka. Nilianza kutembea nimeinama, mpaka mama akaniuliza kama nimeanza kuumwa mgongo.

Nilikuwa na mama peke yake. Baba alifariki nikiwa mdogo, na sisi wawili tulikaa vyumba viwili pale Kitaji, mama akishona magodoro na mito ya pamba. Pamba ilitoka Bunda, kwa mama mdogo aliyeolewa Nyasura. Kila baada ya wiki chache mama alikwenda kule na maganda ya magodoro matupu, akarudi na godoro moja au mawili yaliyoshindiliwa, yamefungwa kamba juu ya basi. Watu walimsifu kwa magodoro mazito.

Uzito ule haukuwa pamba peke yake. Vijana wa siku hizi wanaoona sukari kila kona hawawezi kuelewa, nami nimechoka kuwaeleza. Miaka ile dukani kulikuwa na rafu na muuza duka, basi. Sukari ya mgao ilikuja inapotaka, mkapanga foleni tangu alfajiri, mkarudi na kilo moja ya nyumba nzima, au mkarudi na vikapu vitupu. Sukari nyingine ilitoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ikapita vichochoro hadi Bunda, na nyingine ikalala katikati ya pamba ya mama, upande wa miguuni, kwenye mfuko wa turubai. Aliwauzia watu aliowaamini, kikombe kikombe. Hatukuwa matajiri. Tulikula mara mbili kwa siku na nilikuwa na viatu vya shule.

Mwaka huo ndipo serikali ilipoanza kusaka walanguzi nyumba kwa nyumba. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikutwa na katoni za sabuni uvunguni mwa kitanda, akachukuliwa asubuhi na kanga aliyoivaa, na wanawe watatu wakagawanywa kwa ndugu, mmoja huku, mwingine kule. Nilimwona yule mdogo akipandishwa kwenye baiskeli ya mjomba wake. Hakulia, na hilo lilinitisha zaidi. Nikamwomba mama aache. Akaniuliza tutakula nini.

Malkia wa kweli nilimpata Nyasura, katika safari mojawapo ya zile za pamba. Usiku ilikuwa imenyesha. Asubuhi nafua nguo kwenye jiwe nyuma ya nyumba ya mama mdogo, nikamwona anakatiza povu: mweusi anayeng'aa, mdogo kuliko punje ya mchele, hana mabawa, kifua kimejaa. Nilipiga kelele mpaka mama mdogo akatoka na mwiko akidhani ni nyoka. Alipoona ninachokionyesha akasema, "Mtoto huyu mnamsomeshaga nini huko Musoma?"

Tulirudi siku hiyohiyo. Kwenye kizuizi cha barabarani mgambo alipanda juu ya basi akayapapasa magodoro. Mama alitazama mbele tu, mkono wake juu ya goti langu. Mimi nilikuwa na kiberiti changu mfukoni nikiomba malkia asikose hewa. Nasema ukweli, nilimwombea malkia kwanza, mama baadaye. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Mwalimu alimtazama kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu. Kisha akanipa mkono, kama anavyopewa mtu mzima.

Siku hiyo ndipo nilipoingia nyumbani kwake mara ya kwanza. Alikaa nyumba ya walimu karibu na ziwa, peke yake, na chumba cha mbele ambacho wengine wangeweka makochi alikuwa ameweka meza ndefu ya vichupa. Vilikuwa vichupa vya sindano, vile vya dawa ya penisilini, alivyoviomba zahanati visitupwe. Kila kimoja kilikuwa na maji kidogo chini, pamba imesukumwa juu ya maji ili iwe na unyevu, halafu nafasi ndogo ya kuishi, halafu pamba kavu mdomoni. Pembeni palikuwa na sanduku la udongo lenye uso wa kioo. Humo aliishi malkia aliyekuwa akimtunza kwa mwaka wa sita, na watoto wasiohesabika. Miguu minne ya meza ilisimama kwenye makopo ya maziwa yaliyojazwa maji. Sisimizi wa nje wakinusa tone la sukari, alinieleza, watapanda mezani na kuwala hawa wa ndani mpaka mmoja wa mwisho. Maji hawavuki.

Chai yake alikunywa kavu, bila sukari. Sukari yake ya mgao, kijiko kwa kijiko, iliwaendea wale wadudu. Nilimwona kichaa, na nilitaka kuwa kama yeye.

Alinipa kichupa na sheria moja. Weka gizani na usichungulie. Malkia anapoanza nyumba hali chochote wiki nyingi, anajila mwenyewe, ile nyama ya kifuani iliyoyaendesha mabawa aliyoyakata. Akitishwa, anakula mayai yake.

Nilichungulia kesho yake. Nilichungulia na keshokutwa. Siku ya tano palikuwa na mayai manne meupe, nikafurahi nikampelekea mama ayaone kwenye mwanga wa mlango, na siku ya sita hapakuwa na yai hata moja. Nililia, na mama akasema hata yeye angekula mayai kama angekaa na mtu wa aina yangu. Baada ya hapo nilikifunga kichupa kwenye kipande cha kitenge, nikakitia ndani ya boksi la viatu, na boksi nikaliweka kitandani kwangu upande wa miguu, ambako mbwa na kuku hawafiki. Nikajizuia. Wiki ya sita nilipofungua nilikuta watoto wanatembea. Walikuwa tisa, wadogo kama unga uliomwagika, na mama yao katikati hasogei.

"Sasa wape tone," mwalimu akasema. "Maji ya sukari, kwenye ncha ya njiti. Dogo kabisa."

Hakuniuliza nitapata wapi sukari, nami sikumwambia. Kitanda changu kilikuwa na godoro ambalo mshono wake wa miguuni mama aliuacha wazi kiasi cha mkono kupita. Nilichovya vidole viwili kwenye mfuko wa sukari. Nikarudia baada ya siku tatu, na nyingine tena, na kila mara punje kadhaa zilianguka sakafuni nisizione.

Wao waliziona. Siku moja narudi shuleni nakuta mstari mwembamba mweusi wa sisimizi umetoka dirishani, umeshuka ukuta, umepanda mguu wa kitanda na kuingia kwenye mshono. Mama alikuwa amesimama anautazama, ameshika kiuno. Hakuwahi kujua kwamba nachovya. Alifikiri mfuko umetoboka.

Hapo ndipo nilipojifanya mtaalamu. Nilikivuta kitanda mbali na ukuta mpaka katikati ya chumba. Nikatafuta makopo manne, nikayajaza maji, nikainua miguu ya kitanda mmoja mmoja nikaisimamisha ndani yake. Mstari ukafika kwenye kopo, ukazunguka, ukachanganyikiwa, na kufikia jioni haukuwepo.

"Kumbe shule yenyewe inafundisha kitu," mama akasema, na alicheka, na usiku ule tulilala tumejisifu. Kila nyumba ya Kitaji ilikuwa na kabati la chakula lililosimama kwenye makopo ya maji. Hatukufikiria hata kidogo kwamba hakuna nyumba yenye kitanda cha hivyo.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa uani ameketi kwenye mkeka, sindano ndefu mkononi, anafunga mto wa mtu. Kwanza aliingia balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mshona nyavu aliyetujua miaka yote, na nyuma yake mgambo mmoja nisiyemjua, mwenye chuma chembamba chenye ncha, kile cha kuchomea magunia.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mama," balozi akajibu bila kunitazama, akamgeukia mama yangu. "Dada, tuvumilie kidogo. Ni nyumba zote."

Mgambo hakuwa mkali. Alikuwa na kazi na aliifanya kwa utaratibu. Alichoma gunia la unga, akanusa ncha. Alichoma lundo la pamba ya mama mara tano. Alifunua chungu, akainua mkeka, akapanda kiti akapapasa juu ya ukuta. Mama alimfuata nyuma na sindano yake mkononi, akimwambia angalia msumari, angalia kizingiti, kama anamwongoza mgeni. Kisha wakaingia chumbani na mgambo akasimama.

Alitazama makopo. Akainama akatia kidole kwenye mojawapo.

"Hii ni nini?"

"Maji," mama akasema.

"Maji nayaona. Kabati ndiyo inawekwaga kwenye maji. Kitanda kinaliwa na nani?"

Nimemwona mama yangu akizozana na makondakta, na wenye nyumba, hata na padri mmoja, na sijawahi kumwona akikosa neno ila siku ile. Balozi naye alikuwa anatazama miguu yake. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa anaomba asijue.

Mgambo akakichoma kitanda upande wa kichwani. Chuma kikaingia chote, kikatoka na nyuzi za pamba. Akasogea hatua moja, akachoma katikati. Pamba. Akasogea tena, akalitupia jicho boksi la viatu, akanyanyua chuma juu yake.

"Usichome hapo!" nikapiga kelele.

Mimi mwenyewe sijui hata leo nilikuwa namwokoa nani. Lakini nilikuwa nimeshasema, na macho yote yalikuwa kwangu, na chuma kilikuwa hewani juu kabisa ya ule mfuko wa turubai.

"Utawaua," nikasema. "Ni wadudu wangu. Ni wa shule. Makopo ni ya kwao, sisimizi wa nje wasije wakawala."

Nikalichukua boksi kabla hajalichukua yeye, nikafungua kitenge, nikamwekea kichupa kiganjani. Alikipeleka dirishani. Akakaza jicho.

"Malkia ni yupi?"

"Yule mkubwa. Tazama kifua, kimejaa. Pale alikuwa na mabawa."

"Eeh," akasema. "Eeh, namwona." Kwa muda alikuwa kama mwanafunzi mwingine tu, na nilianza kupumua. Kisha akatazama chini. Akaona kitu karibu na kopo, akalowesha kidole kwa ulimi, akakiokota, akakionja.

"Sukari."

"Tone tu wanapewa," nikasema. "Ndicho chakula chao."

"Sukari ya kulisha wadudu mnaitoa wapi?"

Nilitazama mkono wa mama. Sindano ilikuwa imemchoma kidole gumba na alikuwa hajui, damu inashuka kwenye kanga. Nikamwona yule mtoto wa mtaa wa pili juu ya baiskeli. Sikufikiri zaidi ya hapo.

"Mwalimu," nikasema. "Mwalimu wa bayolojia ananipaga."

"Anakupa kwenye nini?"

"Karatasi ya daftari."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Kisha akakitia kichupa changu kwenye mfuko wa shati, akamgeukia balozi. "Huyo mwalimu anakaa wapi?"

Walipotoka mama aliketi sakafuni. Nilidhani atanipiga kwa kuchovya, kwa makopo, kwa yote. Badala yake alinivuta akanishika kichwa akasema, "Umesema vizuri, mwanangu. Umesema vizuri sana." Sijawahi kusifiwa kwa namna iliyoniuma kama ile.

Nikasimama. Kulikuwa na njia ya mkato kandokando ya ziwa, na wao walikuwa na nyumba nyingine za kupita. Ningekimbia ningefika kabla yao, nimwambie nilichosema, aimwage ile sukari, avifiche vichupa. Mama alikuwa ameshanielewa. Alisimama mlangoni.

"Ukionekana unakimbilia kule, unanipeleka mimi."

Nilirudi nikaketi kitandani. Sikulazimishwa; mlango haukufungwa kwa ufunguo. Niliketi tu, nikihesabu nyumba ambazo bado hawajafika. Kabla ya adhuhuri mama alikuwa ameutoa ule mfuko na kuupeleka anakojua yeye, na makopo ameyamwaga.

Jumapili baada ya ibada balozi alikuja kuchukua mto wake. Mama akamwekea chai, kavu. Akatusimulia huku akicheka kicheko cha mtu ambaye hatari imempita.

"Yule mwalimu wenu ni mtu wa ajabu. Nyumba imejaa vichupa! Tumekuta kopo la sukari, nusu. Mgambo akamuuliza, wewe ndiye unampaga sukari yule mtoto wa mshona magodoro? Akanyamaza. Akanyamaza mpaka nikasema huyu atakataa." Balozi akapuliza chai yake. "Halafu akauliza, mtoto mwenyewe amesema nini? Mgambo akamwambia, tunakuuliza wewe. Akasema, basi nilimpa. Kwenye nini? Akatazama madaftari kule mezani, akasema, karatasi ya daftari. Mwalimu ana nini kingine?"

Mama aliweka kikombe chini.

"Mara ngapi hakumuuliza," balozi akaendelea. "Alikuwa ameshaanza kumwaga. Vyote, uani. Na lile sanduku la kioo. Kuku wa majirani walikula wakashiba. Yeye alisimama tu. Wamemlaza kituoni, lakini watamwachia, nani ana sheria ya sisimizi?"

Nilitoka nje, nikaketi nyuma ya choo mpaka balozi alipoondoka.

Wakamwachia Jumatatu jioni. Jumanne kipindi cha pili aliingia darasani na suruali ileile ya kahawia, imekunjamana, akatufundisha jani la mmea. Aliandika vizuri, akachora mishipa yote. Hakunitazama hata mara moja, nami sikuandika hata mstari mmoja. Kengele ilipolia nilibaki kwenye dawati mpaka wengine wote wakatoka. Nilikuwa nimekaa macho kutafuta maneno, na nilikuwa nimeyapata, nimeyapanga.

Alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu," nikasema.

"Mama yako yuko nyumbani?" akauliza, mgongo bado kwangu.

"Yuko, mwalimu."

Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kufuta, juu mpaka chini, mpaka ubao ukawa mweusi.

"Basi," akasema. "Nenda kapumzike."

Yale maneno yangu yote yakaishia pale. Kuyasema kungekuwa kumwambia kwa sauti kilichokuwa ndani ya godoro, na yeye alikuwa amelipa ili pasiwe na mtu wa kukisema. Nikachukua daftari langu nikatoka. Mpaka alipohamishwa kutoka Musoma sikuwahi kumwomba msamaha, na kila siku nilipotoka shuleni nilimkuta mama yangu nyumbani, amekaa uani, anashona.